Uzoefu wangu na mkono wa mguso wa kufundishia sindano ya mgongo, hapa Unguja

Nianze na lile ambalo kila anayeuona mkono huu huuliza, kama kweli unahisi unachokigusa kwenye skrini: ndiyo, unahisi kweli. Unashika kalamu iliyoungwa kwenye mkono mdogo wa mezani, unaisogeza, na sindano kwenye skrini inafuata. Ikigusa mfupa, mota zilizomo ndani zinakukatalia kwenda mbele. Mikono ya namna hii ilianza kujulikana miaka ya 1990 kwa ile ya Phantom iliyobuniwa chuo cha MIT, Marekani. Wangu ni wa kampuni nyingine, tena umeshatumika, na hata hivyo bei yake ilinikosesha usingizi.

Mie ni mtu wa programu, si daktari. Niliutaka ili tutengeneze zoezi la sindano ya ganzi ya mgongo, ile wanayochomwa kina mama wanaojifungua kwa upasuaji, wanafunzi wajaribu kabla hawajamkaribia mgonjwa. Picha za CT (eksirei zinazoonyesha mwili vipande vipande) nazifungua kwa 3D Slicer na kutenga mifupa ya uti, kisha CHAI3D inaifanya iguswe. Zote ni programu huria, za bure. Ila kabla ya yote futeni jina la mgonjwa kwenye faili za DICOM, yaani faili za picha za hospitali. Huwa limo ndani ya faili lenyewe, kubadilisha jina la nje hakusaidii.

Kwa mfupa sina malalamiko, mradi vipande vya picha viwe vyembamba. Vya milimita 5 vinakupa ngazi-ngazi pale ambapo uso wa mfupa ni laini. Vya milimita 1 vinatosha.

Shida ni nyama. Picha ya CT inaeleza eksirei imezuiwa kiasi gani njiani: maji ni 0, hewa ni hasi 1000, mfupa ni mamia kwenda juu. Haikwambii kitu hicho ni kigumu kiasi gani ukikichoma. Misuli na kano zinakaribiana mno kwa namba hizo, ilhali mkononi mwa daktari ni vitu mbalimbali kabisa. Kwa hiyo ugumu wa kila tabaka anauandika mtu kwa kukisia, halafu unasubiri kusahihishwa na mkono unaojua. Nilimwomba daktari wa usingizi, mama mtu mzima aliyechoma migongo mingi, aje ajaribu. Akachoma, akasita.

"Mwanangu, mbona hapa nachoma godoro? Pana mahali sindano lazima ikushtue."

Alikuwa akiisema kano ya njano, ambayo hukaza, hukaza, halafu huachia ghafla. Hesabu ya kawaida ni ya springi: kadiri unavyozama ndivyo inavyozidi kukusukuma, kuachia haijui. Tukaiwekea kikomo, ukikivuka, nguvu inashuka mara moja. Jioni nzima yeye ni "ongeza", "punguza kidogo", "hapo hapo!", na mie nabadilisha namba. Kwangu hiyo ndiyo kazi yenyewe, na kijitabu cha maelezo hakiigusi hata kwa mstari mmoja.

Udhaifu upo. Nguvu ya mkono huu wa mezani inaishia nyutoni 3 na ushei, kama uzito wa gramu 300 hivi, kwa hiyo mwanafunzi mwenye papara anaupenya hata mfupa. Unazuia kwenda mbele, juu na pembeni, lakini ukiipinda sindano haikuzuii hata kidogo. Kwa kufundishia kushona kidonda, basi, msihangaike nao. Halafu skrini inaridhika na picha 60 kwa sekunde, ila mkono unataka hesabu ipigwe kama mara 1000. Kompyuta ikielemewa, mfupa unaanza kutetemeka na wanafunzi wanacheka. Umeme ukikatika, kompyuta inazimika na mkono unalegea papo hapo, kwa hiyo UPS (betri ya akiba) si anasa. Na hewa yetu ya chumvi mnaijua: ukimaliza, urudishe sandukuni.

Nyota 4 kwa sindano ya mgongo na kazi za mifupa, 2 kwa mengineyo. Mkinunua uliotumika, muulizeni muuzaji tundu la waya kabla ya kutuma pesa. Wangu ulikuja na FireWire, aina ya zamani ya waya wa kuunganisha vifaa na kompyuta, muuzaji kimya, na laptopu za siku hizi hazina tundu hilo. Ilibidi nitafute kompyuta kuukuu ya mezani yenye nafasi ya kuchomeka kadi yake.