Mwanafunzi mgeni Thailand: familia ya Chiang Mai au hosteli ya Bangkok?

Ukiachiwa uchague, mimi nakusihi uende kukaa na familia Chiang Mai, mji wa kaskazini. Mezani, mabakuli ya mchuzi na mboga huwekwa katikati, na kila mtu huchota kidogo kidogo kutia kwenye wali wake. Kijiko ndicho kinachokwenda mdomoni. Uma ni wa kusukumia chakula. Wali wa kunata, lakini, huliwa kwa mkono: unafinyanga tonge na kuchovya kwenye nam prik num, pilipili mbichi zilizochomwa na kutwangwa. Mla ugali hahitaji kufundishwa.

Mama mwenyeji atakuonyesha mengine: viatu vinabaki mlangoni, kichwa cha mtu hakiguswi, na mdogo ndiye anayeanza kumwamkia mkubwa kwa kukutanisha viganja, kama tulivyolelewa na shikamoo. Songkran, mwaka mpya wao wa Aprili 13 hadi 15, utawamiminia wazee maji mikononi na kupokea baraka zao. Barabarani ni kurushiana maji tu, na hilo hata mtalii analipata.

Hosteli ya Bangkok inakupa uhuru na vyakula vingi zaidi. Yaowarat, mtaa wa Wachina, usiku hujaa wauzaji. Pad kra pao, nyama iliyokaangwa na mrihani, huiva upesi sana. Ila mara nyingi utakula peke yako.

Kwa Mwislamu, nguruwe yupo kwenye vyakula vingi, hivyo mweleze mwenyeji mapema. Chiang Mai, karibu na msikiti wa Ban Ho, utapata khao soi ya halali, tambi katika mchuzi wa nazi.