Feni ya darini, msimu wa tatu: ukungu umeondoka, ngazini bado kuna baridi

Nianze na bei ya feni yetu ya darini, ile inayosukuma hewa ndani ya nyumba ili kupunguza unyevu, maana najua ndiyo mnayotafuta. Mashine pauni 380, fundi umeme wa kuifunga pauni 220. Jumla 600. Tuliifunga Oktoba 2023, kwa hiyo tumepita nayo baridi mbili nzima na sasa tunaingia ya tatu.

Tunaishi Leicester, Uingereza, kwenye zile nyumba za matofali mekundu zilizoungana mtaa mzima, zilizojengwa zaidi ya miaka mia iliyopita. Kuta zake ni tofali tupu, hazina ule uwazi wa katikati unaojazwa sufi kama nyumba za baadaye. Desemba ukiegemea ukuta wa chumbani ni kama umeegemea friji. Ndani tuko watano. Tunachemsha maharage saa mbili, tunaoga maji ya moto, tunafua, na nguo tunaanika juu ya rediata, vile vyuma vya ukutani vya kupasha nyumba joto, kwa sababu ukizitoa nje zitakaa siku tatu na bado zitanuka. Maji yote hayo hayapotei. Yanapanda hewani, yanakutana na kioo cha baridi, yanageuka matone.

Kila asubuhi kazi yangu ya kwanza, kabla hata ya chai, ilikuwa kupita na taulo dirisha kwa dirisha. La chumba cha watoto peke yake nilikuwa nakamua nusu kikombe. Kwetu Tanga ukisema ukungu mtu anafikiria ule wa asubuhi kule Lushoto, unaopendeza kwenye picha. Huku nimeujua ule wa pili: vidoa vyeusi kwenye pembe za dari, nyuma ya kabati, kwenye mpira wa dirisha. Siku niliyokasirika kabisa ni ile nilipovuta sanduku chini ya kitanda nitoe kanga alizonipa mama nilipoolewa. Sanduku lilikuwa limegusa ukuta wa nje. Kanga ya juu ilikuwa salama. Ya chini, pindo lote lilikuwa na madoadoa kama mtu amelinyunyizia wino, na harufu ya pango.

Nilikuwa nimeshajaribu ya kila mtu. Jiki: wiki sita, vidoa vimerudi palepale. Rangi ya kuzuia ukungu: miezi minne. Mashine ya kunyonya unyevu ilifanya kazi kweli, nilikuwa namwaga karibu lita mbili kwa siku, lakini inakausha chumba kimoja, inanguruma, na bili ya umeme ilipofika baba watoto alinyamaza muda mrefu.

Hii ya darini ni kitu rahisi mno. Ni boksi la plastiki, ukubwa wa ndoo kubwa, linaning'inia kwenye mbao za paa. Linavuta hewa ya darini, yaani ile nafasi kati ya dari na paa, linaipitisha kwenye kichujio, linaisukuma polepole ndani kupitia tundu kwenye dari juu ya ngazi. Usiku na mchana, halizimwi. Kwa kuwa hewa inaingia kila wakati, ile ya zamani yenye mvuke inalazimika kutoka kwenye nyufa na vile vitundu vidogo juu ya fremu za madirisha. Nyumba inapumua kwa nguvu, ndiyo habari yote. Nyumba ya mama yangu ina matundu juu ya kila mlango na madirisha ya wavu, inapumua bure. Hapa nimelipa pauni 600.

Swali ninaloulizwa kila mara: nje mvua inanyesha wiki nzima, unaingizaje hewa yenye maji ukasema unakausha nyumba? Nami niliuliza hivyohivyo. Jibu ni kwamba hewa ya baridi haibebi maji mengi hata ikijaa. Hewa ya nyuzi 5 yenye unyevu wa asilimia 90, ukiipasha hadi nyuzi 20, unyevu wake unashuka hadi karibu asilimia 35. Ni kavu kuliko ya kwako ndani. Ndiyo maana mdogo wangu wa Dar aliponiambia, "Dada, na mimi nitumie hicho kidude," nilimkatalia. Masika ya Dar, hewa ya nyuzi 28 na unyevu wa asilimia 85, uisukumie kwenye chumba chenye kiyoyozi cha nyuzi 22? Kuta zitatoka jasho. Kwake afadhali afunge dirisha vizuri kiyoyozi kikiwaka.

Nilikuwa nimenunua kipimo kidogo cha unyevu cha pauni 10, na hicho ndicho kilichonionyesha ukweli. Kabla, chumba cha watoto alfajiri kilisoma asilimia 78. Wiki ya kwanza hakuna kilichobadilika nikaanza kujuta. Wiki ya tatu 66. Kufika Desemba ikawa inacheza kati ya 57 na 62. Taulo nimeliacha. Kwenye baridi kali kabisa kioo kinapata ukanda mwembamba wa maji chini, kwisha.

Sasa malalamiko, maana muuzaji hakuniambia hata moja.

Baridi. Ukisimama juu ya ngazi Januari unahisi mtu anakupulizia utosini. Ile yenye hita ndani ipo, na yetu inayo, lakini hita ni wati 500. Ikiwaka siku nzima ni yuniti 12, karibu pauni 3 kwa siku. Nimeizima. Feni yenyewe kwa kasi tunayotumia inakula wati 8 tu, kama pauni 18 kwa mwaka kwa bei ya peni 25 kwa yuniti.

La pili lilikuwa la fundi. Mwezi wa pili tangu tufunge, nikawa nasikia harufu ya sabuni ya kuogea ngazini. Nzuri, lakini inatoka wapi? Baba watoto akapanda darini na tochi. Bomba la feni ya bafuni lilikuwa limechomoka kwenye paa, linamwaga mvuke wote mlemle darini, na mashine yetu inaunyonya na kutushushia upya. Fundi alipita juu ya bomba hilo akafunga boksi lake, akachukua hela yake. Bomba tulilirudisha wenyewe kwa bangili ya chuma ya kubania, ya pauni 4. Kwa hiyo kabla hamjalipa, pandeni darini muangalie mabomba, na kama pako pakavu.

Na kuna unyevu ambao mashine hii haiugusi. Pembe moja ya chumba cha nyuma iliendelea kuwa na doa la njano, plasta inabonyea ukiigusa. Hiyo haikuwa mvuke, ilikuwa gata iliyopasuka, maji ya mvua yanachuruzika ukutani nje. Hakuna feni itakayokausha mvua. Vilevile kabati lililobanwa kwenye ukuta wa nje litaota ukungu tu. Nimelisogeza upana wa kiganja na milango naiacha wazi kidogo.

Kama mmepanga kwenye nyumba ya halmashauri au ya shirika la nyumba hapa England, msitoe hela yenu mfukoni kwanza. Tangu tarehe 27 Oktoba 2025 kuna Sheria ya Awaab, kwa jina la mtoto Awaab Ishak wa Rochdale aliyefariki Desemba 2020 akiwa na miaka miwili kwa sababu ya ukungu wa nyumbani kwao. Ukiripoti unyevu au ukungu wenye hatari kubwa, mwenye nyumba anapaswa kuuchunguza ndani ya siku 10 za kazi, na wa dharura ndani ya saa 24. Ripotini kwa maandishi, na picha. Wakiwaambia mnapika sana, endeleeni kuandika.

Ningenunua tena? Ndiyo, ila ningeanza na gata na bomba la bafuni, halafu nione kama bado naihitaji. Nadhani ningeihitaji.

Kichujio wanasema kinafika miaka mitano. Changu nilikichomoa mwezi uliopita, miaka miwili tu, kilikuwa cha kijivu kizito kama majivu ya jiko la mkaa. Tuko barabara ya basi. Kipya ni pauni 45, nimeshakiagiza.