Tairi "mpya" zilizokuja na gari kutoka Japani: yaliyonikuta Mbeya

Gari lenyewe sina ugomvi nalo. Ni Toyota IST, injini imetulia, bodi haina mkwaruzo, na wakala aliyeniagizia alinikabidhi Dar siku aliyoahidi. Shida yangu ni zile tairi nne. Kwenye picha alizonitumia WhatsApp zilikuwa nyeusi ti, kashata (yale meno ya tairi yanayoshika barabara) ndefu, na chini kaandika: "Tairi mpya dada, hununui leo wala kesho."

Nililiendesha mwenyewe hadi Mbeya. Mpaka Mikumi safari ilikuwa tamu. Ruaha Mbuyuni, jua la saa nane, nikaona gari linacheza kwenye kona kama lina upepo mdogo. Kitonga nilipanda nyuma ya malori, mwendo wa kobe, sikuhisi kitu. Hali ile ikarudi Igurusi kwenye joto la bondeni: unakata usukani, gari linachelewa kufuata. Nikaongeza upepo Uyole, nikajiambia ni ugeni tu.

Wiki ya tatu natoka Tukuyu, mvua ya Rungwe hiyo, trafiki akanisimamisha. Akazunguka gari, akainama nyuma kushoto.

"Mama, hebu shuka uone mwenyewe."

Ubavuni mwa tairi kulikuwa na nundu, kama nusu limao. Nikajitetea kwamba kashata zote zipo. Akasema kashata zipo, ila hii ikipasuka ukiwa unateremka Mlima Nyoka na semi iko nyuma yako, kashata zitakusaidia nini? Faini elfu 30. Nililipa bila kununa. Nilidhani kwa kuwa gari limekaguliwa na makaratasi ninayo, basi mimi nimemaliza. Kumbe barabarani anayeulizwa ubovu wa chombo ni wewe uliyeshika usukani, siyo wakala wala aliyeliuza Japani.

Kesho yake nikaenda duka la tairi Mwanjelwa. Fundi hakugusa kashata kabisa. Alilala chini na tochi ya simu, akafuta matope upande wa ndani wa tairi, akaniita nisome: 4112. Yaani ilitengenezwa wiki ya 41, mwaka 2012. Mimi nimenunua gari 2024. Mara nyingi namba hizo nne huwa zimechapwa upande mmoja tu, na fundi wa Japani akiufungia ndani, huzioni mpaka ulale chini kama yeye. Mpira ukishazeeka unakauka na kupasuka nyufa ndogo ndogo, hata kama gari lilikuwa linalala gereji. Watengenezaji wengi wanasema ikifika miaka 10 itolewe, hata kama inaonekana nzima.

Halafu akanionyesha neno STUDLESS na kialama cha mlima wenye theluji. Tairi za theluji! Kashata zake zina mikato myembamba kama ya wembe, na mpira wake ni laini makusudi ili usigeuke jiwe kwenye barafu. Mbeya baridi tunayo, Julai tunavaa makoti mawili, lakini theluji hapana. Kwenye lami ya moto mpira ule unalegea, ndiyo maana gari lilikuwa linacheza, na unalika haraka. Nilipomtumia wakala picha, jibu lake lilikuwa alama mbili za tiki za bluu.

Sasa duka lenyewe. Bei, 135,000 kwa tairi moja mpya, kufunga na balansi ndani yake. Nilichagua zenye namba ya mwaka ule ule wa 2024. Kazi safi, na uaminifu wa kunisomesha namba nawapa alama zote. Kwenye upepo ndiyo waliniudhi. Kijana alijaza hadi 40, eti barabara zetu mbovu. Nikamfungulia mlango wa dereva, kuna stika: 230 kPa, yaani kama 33 kwenye geji yake inayosoma PSI. Alipunguza huku akiniangalia kama mteja msumbufu. Spea hawakuigusa mpaka nilipoomba: ni ile nyembamba ya dharura, inataka 420 kPa, mwisho wake kilomita 80 kwa saa. Ilikuwa na upepo wa kuchezea mpira.

Wakati nalipa, fundi akaniomba nimwachie zile mbili za mbele, ana mteja wa gari kama langu anatafuta za mtumba. "Bado zina kashata, dada." Huyu huyu aliyelala chini kunionyesha 4112! Nikamwambia nitaziacha zote nne zikishakatwa ubavu. Tukatazamana. Mwishowe akamwita kijana alete kisu, na mimi nikasimama pale pale mpaka ya nne.