Noah ya kukodi Moshi mpaka Chemka, na watoto

Jumamosi tulikodi Noah hapa Moshi, mimi na mume wangu, watoto watatu, mama mkwe na wifi, tukaenda kwenye chemchemi ya Chemka kule Kikuletwa. Dereva sina cha kumlaumu kabisa, lami mpaka Boma Ng'ombe aliendesha taratibu, tulipoingia njia ya vumbi akatuambia mapema mama fungeni vioo, na hapo ndo tukagundua AC haifanyi kazi wakati kwenye simu niliuliza mara mbili nikaambiwa iko poa!! Joto la kule chini si la Moshi jamani. Kitindamimba wangu ana mwaka na nusu, alilia mpaka akatapikia kitenge cha bibi yake. Yule kaka akasimamisha gari kivulini, akatoa maji yake mwenyewe ya kunywa akammwagia bibi mikononi amnawishe mtoto. Nilimshukuru sana.

Chemka penyewe pazuri mno, jina lisiwatishe maji hayachemki, ni ya uvuguvugu tu na masafi unaona mizizi ya miti mpaka chini. Mama mkwe alikaa ukingoni kaning'iniza miguu, visamaki vinamdonoa, anacheka hataki kutoka. Ila kina ni kirefu, asiyejua kuogelea avae boya na usimwachie mkono hata kidogo.

Dereva nampa nyota tano, gari nyota mbili. Mkienda, washeni AC kabla hamjalipa, na mtori bebeni kwenye chupa ya chai, wetu ulifika bado wa moto.