Volkswagen ID.3 Nchini China: Mwendo Mzuri, Dashibodi ya Kuudhi

Ukilitazama gari la umeme la ID.3 kama chombo cha kusafiria tu, Volkswagen haikukosea: usukani ni mwepesi, na kwa kuwa mota iko nyuma, gari hukata kona katika nafasi finyu bila kumhangaisha dereva. Jina la Volkswagen nalo si geni nchini China, kwani kampuni hiyo ya Ujerumani iliingia ubia mjini Shanghai tangu mwaka 1984.

Kasoro huanza pale kidole kinapogusa dashibodi. Katika matoleo ya kwanza, sehemu za kutelezesha kidole ili kuongeza sauti au kurekebisha joto hazina taa, hivyo usiku dereva hupapasa gizani. Na mlangoni pake kuna swichi mbili tu kwa vioo vinne, kiasi kwamba kabla ya kushusha kioo cha nyuma ni lazima kwanza aguse kitufe kingine. Sijui nani aliuona huo kuwa urahisi.

Mnunuzi wa China, aliyekwisha kuzoea skrini zinazojibu papo hapo, hakuwa tayari kulipa zaidi ili apate pungufu, na ndiyo maana Julai 2023 bei ya kuanzia ilishushwa kwa yuani 37,000 hadi 125,900. Mwaka huohuo BYD, kampuni ya China iliyoanza kwa kutengeneza betri, iliipiku Volkswagen kwa mauzo nchini humo, nayo Volkswagen ikatangaza kuwekeza takriban dola milioni 700 katika XPeng, kampuni nyingine ya China ya magari ya umeme, ili waunde magari pamoja.

Kwa bei hiyo ya 2023 ningelichukua kwa ajili ya mwendo wake. Kwa ajili ya dashibodi yake, hapana.