Cherehani "ya kimya" niliyouziwa Kariakoo: uzoefu wangu

"Dada, cherehani isiyopiga kelele ni sindano ya mkono." Hilo ndilo jibu nililopata niliporudi kulalamika kuwa inapiga kelele, kwa muuzaji yule yule aliyeapa kwamba mashine hii ya umeme unaweza kuiendesha kando ya mtoto aliyelala. Alipomaliza kunijibu akaongeza sauti ya redio.

Mnaoshona usiku kwenye nyumba za kupanga, hasa Januari ya sare za shule na zile siku za mwisho kabla ya Idi, ujueni mchezo wake. Anaiendesha juu ya kaunta, mguu wa mashine unaobana kitambaa umeinuliwa, hakuna kitambaa wala uzi. Hapo mashine yoyote inanong'ona. Kelele yenyewe huanza sindano inapotoboa kitambaa na meno ya chini yake yanapokisukuma. Nenda na kipande cha jinzi, kikunje mara mbili kiwe tabaka nne, dai redio izimwe, shona polepole kisha kanyaga pedeli mpaka mwisho. Mwenzio aweke kiganja mezani. Mtetemo atakaousikia ndio utakaoshuka kwenye miguu ya meza hadi sakafuni, na jirani huamshwa na huo kuliko mlio.

Yangu ilikuwa inakoroma: grrr. Kufungua bamba la sindano, shato (kile chuma cha chini kinachonasa uzi wa sindano) kavu kabisa, na nyuma yake uzi umejisokota. Mashine mpya hiyo, ya kwenye boksi! Uzi hutolewa kwa kibano, vumbi kwa brashi (usipulize kwa mdomo, unyevu wa pumzi unaleta kutu), kisha tone moja la mafuta meupe ya cherehani kwenye njia ya shato. Moja tu. Mafuta ya kupikia yanaganda, na hata haya sahihi ukiyazidisha yatatia madoa nguo ya mteja. Zungusha gurudumu kwa mkono, kuja upande wako, halafu shona kitambaa chakavu mpaka mafuta yaliyozidi yatoke.

Sindano iliyokuja nayo ilikuwa butu, ikigonga "tak" kila inapotoboa. Namba 90/14 mpya ikaumaliza mlio huo kwenye kitenge. Ikilia "wiii", shuku mkanda wa mota umekazwa mno. Legeza skrubu zinazoshika mota, isogeze kidogo tu: mkanda ubonyee kidogo kwa kidole, lakini usiteleze. Chini ya mashine weka mpira mzito, na chini ya kila mguu wa meza pia.

Baada ya hapo, haki isemwe, ikawa mashine nyingine. Kitenge kwa nusu pedeli, ukuta wa pili hawasikii kitu. Niliyetaka kuipa nyota moja naipa tatu. Au tuseme mbili, maana kazi yote hiyo ni ya dakika chache na bisibisi moja, na muuzaji alikuwa na fundi wake pale pale amekaa anakunywa kahawa. Badala ya kumwita, ananiletea habari za sindano ya mkono!

Na kuna ambacho mafuta hayatibu. Shato ya mashine hii huenda nusu mzunguko kisha inarudi, na kila inapogeuka inagonga. Kwa kazi ya usiku tafuta ile ambayo bobini (kigurudumu cha uzi wa chini) inalazwa kwa juu, na ndoano yake, inayofanya kazi ya shato, inazunguka mzunguko mzima bila kurudi nyuma; hiyo ni tulivu zaidi, ila kile kikombe chake cha plastiki usikitie mafuta. Singer 201 ya zamani nayo inazunguka hivyo hivyo, ukiipata ambayo haijachezewa.

Wenye mashine ya kiwandani, msihangaike na mashine, badilisheni mota. Ya klachi inavuma muda wote swichi ikiwa imewashwa, hata kama hujakanyaga pedeli. Ya servo inatulia mpaka ukanyage, na kasi unaipunguza utakavyo. Ila ukishona taratibu sana pampu huenda isifikishe mafuta juu, kwa hiyo angalia kile kidirisha cha mafuta.

Hii yangu siirudishi, kitenge inashona vizuri. Jinzi na zigizaga naziacha mchana, kwa sababu hapo inapiga kelele mpaka vikombe vinacheza kabatini. Nyota mbili za mashine. Duka halipati hata nusu, na ukienda pale, redio izime mwenyewe.