Kanda za Mjomba Zapata Miaka Yake: Huduma ya Fundi wa Marikiti

Mjomba wangu, aliyekuwa baharia, aliniachia kanda saba za maonyesho ya jukwaani ya Grateful Dead, bendi ya roki ya Marekani iliyowaruhusu mashabiki kuirekodi ukumbini, na unyevu wa Mombasa ulikuwa umekwisha kuzifuta tarehe zote. Nilizipeleka kwa fundi mmoja karibu na Marikiti, ambaye huhamishia kanda kwenye kompyuta kwa shilingi 400 kila moja.

Kilichonivutia si mashine zake bali sikio lake. Kwanza alirekebisha mwendo, kwa kuwa kanda inayokwenda mbio hupandisha sauti na kumpotosha msikilizaji, kisha akaniuliza, "Kaka, hapa wapiga ngoma unawasikia wangapi?" Swali hilo lilifungua mengi, kwani Mickey Hart, mmoja wa wapiga ngoma wawili wa bendi hiyo, alijitenga nayo tangu 1971 hadi mwishoni mwa 1974, naye mwimbaji Donna Jean Godchaux alikuwamo tangu 1972 hadi 1979, hivyo kanda yenye sauti ya Donna na mpiga ngoma mmoja huangukia kati ya 1972 na 1974. Kanda nne zilikadiriwa kwa njia hiyo, na ya tano ikapata siku yake kamili tulipolinganisha mfuatano wa nyimbo na orodha za mashabiki.

Hata hivyo, alichelewa siku tisa kupita ahadi yake, na kanda moja aliirudisha bila kasha, lile lililokuwa na mwandiko wa marehemu (hilo bado linaniuma). Mbili zilizosalia nitampelekea tena, ila makasha nitayaacha nyumbani.